Mtoto Anapodandia Mbio: Namba ya Kifuani Ni Kama Kadi ya Kliniki

Mama, unaikumbuka kadi uliyopewa kliniki mtoto wako alipozaliwa? Ina jina lake, tarehe ya kuzaliwa, uzito wake na chanjo alizopata. Hata ukisafiri kwenda kwa ndugu zako Mbulu au Babati na mtoto akaugua huko, muuguzi ambaye hajawahi kukuona akiifungua kadi ile anajua pa kuanzia. Bila kadi anaanza kwa kubahatisha.

Leo nataka tuzungumze kuhusu kadi nyingine, ile karatasi yenye namba ambayo mkimbiaji hubandika kifuani kwa pini siku ya mbio. Wengi wetu tunaiona kama risiti tu, yaani alama kwamba mtu amelipa kiingilio. Ndiyo maana tunacheka tunapowaona watoto wetu wakiingia barabarani na kukimbia na wakimbiaji bila kujiandikisha. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Nilikuwa nacheka pia, mpaka siku moja iliponifundisha vingine.

Kudandia mbio ni nini?

Sisi wa Karatu tunajua kudandia. Lori linapopanda mlima polepole, vijana wanarukia nyuma na kuning'inia. Hawajalipa nauli, dereva hajui kama wapo, na lori likiyumba hakuna atakayejua nani ameanguka.

Kudandia mbio ni vivyo hivyo. Ni kukimbia katika mbio zilizoandaliwa bila kujiandikisha na bila namba. Kwetu huku njia yenyewe inashawishi. Ngorongoro Marathon huanzia lango la Lodoare, pale unapoingia Hifadhi ya Ngorongoro, na wakimbiaji hushuka kwa barabara ya lami hadi Karatu mjini. Wanapita kando ya mashamba, maduka na nyumba zetu. Mtoto amesimama nje na ndoo ya maji, mara anaona kundi la watu wenye fulana za rangi wakipita mbio. Anaweka ndoo chini na kuwafuata.

Na si kwamba mtoto ana wazimu. Ardhi hii imezaa wakimbiaji. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alizaliwa Karatu. John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji na bado akamaliza, ni mtu wa Mbulu. Mtoto anayekimbia kando ya barabara anaota ndoto iliyowahi kutimia kwa watu wa nyumbani kwake. Makala hii haikuombi uizime ndoto hiyo. Inakuomba umlinde anayeiota.

Kilichonifundisha

Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kutoa huduma ya kwanza katika mbio moja, mkoa mwingine, si hapa kwetu. Jua lilikuwa limeshapanda. Vijana wawili walimleta mvulana wa kama miaka kumi na mitatu wakiwa wamemshika mabegani. Alivaa kaptula ya shule na sweta, na kifuani hakuwa na namba.

Alikuwa analia akishika mapaja na mgongo. Tulimuuliza jina, akanyamaza. Tulimuuliza anatoka wapi, akatazama chini. Baadaye tulielewa kwamba aliogopa kupelekwa kwa baba yake, kwa sababu alikuwa ametumwa dukani.

Tukadhani misuli imekaza, jambo la kawaida kwa wakimbiaji. Mimi mwenyewe ndiye niliyemlaza kwenye mkeka nikamnyoosha miguu na kumkanda, nikamwambia apumzike, kisha nikageukia wengine. Maumivu hayakupungua, yaliongezeka. Ilipita zaidi ya saa moja kabla ya kijana wa bodaboda kuitambua nembo ya shule kwenye sweta na kwenda kumtafuta mama yake.

Mama alifika akikimbia, kanga mkononi. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu ana siko seli."

Siko seli ni ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu hubadilika umbo, huwa kama mundu, na kuziba mishipa midogo. Kukimbia kwa nguvu, kupungukiwa maji mwilini na uchovu mkubwa vinaweza kuuamsha. Maumivu yake si ya kukandwa kwenye mkeka. Mgonjwa anahitaji maji, dawa ya maumivu na hospitali mapema. Mtoto yule alipelekwa hospitali na akapona. Lakini saa ile moja ilikuwa yake, na aliipoteza kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kutuambia ni nani.

Angekuwa amejiandikisha, mama yake angeulizwa kama mtoto ana ugonjwa wowote. Pengine asingemruhusu kukimbia umbali ule. Na kama angemruhusu kukimbia mbio fupi, jibu lingekuwa limeandikwa nyuma ya namba.

Namba inafanya kazi gani?

Geuza namba ya mbio uangalie nyuma. Nyingi zina nafasi ya kuandika jina, simu ya ndugu wa kupigiwa, magonjwa, dawa unazotumia na mzio. Mkimbiaji akianguka na hawezi kusema, mhudumu anaigeuza karatasi ile kwanza. Lakini kazi za namba haziishii hapo.

Inawahesabu watu. Waandaaji wanajua watu wangapi wako barabarani kwa kuangalia walioandikishwa. Kwa hesabu hiyo wananunua maji, wanapanga wahudumu wa afya na wanaomba magari ya wagonjwa.

Inaonyesha nani hajafika. Mbio nyingi siku hizi huweka chipu ndogo kwenye namba. Mkimbiaji akipita juu ya mkeka maalumu barabarani, muda wake unarekodiwa. Aliyepita kilomita ya 10 na hajaonekana kilomita ya 15 anaweza kutafutwa. Mdandiaji akikaa chini ya mti katikati ya njia akizimia, hakuna orodha inayosema amepotea.

Inampa haki ya huduma. Mbio zenye bima huwalinda walioandikishwa. Aliyedandia akivunjika mguu, gharama ni ya familia yake.

Inamwonyesha dereva wa gari la mwisho nani wa kumchukua. Gari hilo hupita nyuma ya wakimbiaji wote na kuwabeba waliochoka. Likishapita, barabara inafunguliwa. Sasa fikiria mtoto wako bado yuko kwenye lami, amechoka, na magari ya watalii na malori yameanza kupita kwa mwendo wao wa kila siku.

Maji ya mama wa mwisho

Wapo wanaosema, "Mtoto mmoja atamdhuru nani?" Tupige hesabu ya mfano tu.

Tuseme watu 500 wamejiandikisha, na meza ya maji imepangiwa vikombe viwili kwa kila mmoja. Hivyo ni vikombe 1,000. Wakija wadandiaji 100, nao wakanywa viwili viwili, vikombe 200 vimeondoka. Walioandikishwa 100 watakuta meza tupu.

Ni kina nani hao 100? Si wanaoshinda. Wale walishapita zamani, maji yalikuwa tele. Watakaokuta meza tupu ni wa mwisho, yaani mzee aliyejipa moyo, mama aliyeanza mazoezi baada ya kuambiwa presha imepanda, dada mnene anayekimbia kwa mara ya kwanza. Hao ndio wanaokaa barabarani muda mrefu zaidi, na jua linakuwa kali zaidi wakati wao. Hivyo anayedhurika na mdandiaji mara nyingi si mdandiaji. Ni mtu wa nyuma ambaye hatawahi kumwona.

Kwa nini mtoto yuko hatarini zaidi?

Asubuhi ya Karatu hudanganya. Tuko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kunakucha na ukungu na baridi, mtoto anatoka na sweta. Saa nne jua limewaka na bado anakimbia na sweta lile lile.

Mtoto hajui kujipima. Mkimbiaji mzoefu huanza taratibu. Mtoto huanza na wale wa mbele, kwa nguvu zake zote, akitaka waonekane pamoja. Akifika kilomita ya tatu amekwisha, lakini aibu inamzuia kusimama.

Mara nyingi hajala. Aliamka, akafanya kazi za nyumbani, akakimbia. Sukari ya mwili ikishuka atatetemeka, ataona kizunguzungu, pengine ataanguka.

Njia inateremka. Watu hudhani mteremko ni rahisi. Kwa mapafu ni kweli, lakini magoti na misuli ya mapaja ndiyo inayokamata uzito wa mwili kila hatua. Mtoto mwenye kandambili au viatu vya shule ataumia bila kujua mpaka kesho yake.

Atarudije? Mtoto aliyefuata mbio kilomita 10 yuko kilomita 10 kutoka nyumbani, bila nauli, bila simu, na wewe hujui.

Kukimbia na namba ya mtu mwingine

Kuna jambo ambalo watu hudhani ni afadhali: kuazima au kununua namba ya mtu aliyeshindwa kuja. Kiafya linaweza kuwa baya zaidi. Asiye na namba, mhudumu anajua kwamba hajui. Mwenye namba ya mwingine anampa mhudumu habari za uongo, yaani jina si lake, ugonjwa si wake, na simu inaita kwa watu wasiomhusu.

Desemba 2016, katika nusu marathoni iliyofanyika Xiamen, China, wanaume wawili walianguka na kufariki. Ilibainika kwamba mmoja wao alikuwa amevaa namba iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke. Hebu fikiria familia mbili siku ile: moja inapigiwa simu ya msiba usio wake, nyingine haijui kama ina msiba.

Kama mwenye namba hawezi kuja, waulizeni waandaaji kama wanaruhusu kubadilisha jina. Baadhi huruhusu kabla ya siku ya mbio. Wakikataa, namba hiyo ibaki nyumbani.

Je, kila aliyekimbia bila namba alikosea?

Hapana, na ni vizuri tuseme ukweli. Mwaka 1966, mwanamke Mmarekani Bobbi Gibb aliomba kukimbia Boston Marathon akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Alijificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia, wanaume walipopita akaingia, akamaliza bila namba. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alikimbia huko akiwa na namba 261, na ofisa mmoja wa mbio alijaribu kumng'oa namba ile akiwa barabarani. Wanawake waliruhusiwa rasmi Boston mwaka 1972.

Gibb aliingia bila namba kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Sisi leo mlango uko wazi, na kinachotuzuia ni mambo mengine: kiingilio ni kikubwa, habari hazifiki kijijini, au tunadhani mbio ni za wageni na watu wa mjini. Hayo yana dawa, na dawa yake si kudandia.

Kama kiingilio ni tatizo

- Uliza mapema. Mbio nyingi zina umbali mfupi, kama kilomita 5, wenye kiingilio nafuu kuliko nusu marathoni. Huo ndio unaomfaa mtoto na anayeanza.
- Zungumza na mwalimu wa michezo. Shule ikiwaandikia waandaaji kwa barua, wiki kadhaa kabla, inaweza kuombea wanafunzi nafasi. Mzazi mmoja akiomba siku ya mbio getini ni vigumu kusikilizwa.
- Kama mnakimbia kama kikundi, iwe cha VICOBA, kwaya au majirani, wekeni kiingilio kidogo kidogo kama mnavyoweka hisa. Wakiandikishwa kumi, wakimbie kumi. Msiongeze wanne "watakaojichanganya tu".
- Jitoleeni. Meza za maji zinahitaji mikono. Mtoto mkubwa anayegawa maji chini ya usimamizi anawaona mabingwa kwa karibu kuliko anayewafukuza nyuma.
- Soma kanuni za umri. Marathoni kamili kwa kawaida ni ya kuanzia miaka 18. Usimwongezee mtoto miaka kwenye fomu. Mwili wake hausomi fomu.

Ukijaza fomu na namba

Andika kwa kalamu ya wino isiyofutika kwa jasho. Andika jina kamili, simu mbili za watu watakaopokea siku hiyo, na ugonjwa wowote: pumu, kisukari, kifafa, moyo, selimundu. Andika dawa anazotumia na zinazomdhuru.

Najua wapo wanaoficha. Mama mmoja aliniambia, "Nikiandika kifafa watamkataa, na watu watajua." Ninaelewa uchungu huo. Lakini maandishi yale yako nyuma ya karatasi, yameelekea kifua cha mtoto. Atakayeyasoma ni mhudumu, na ni siku ya shida tu. Kama una wasiwasi kuhusu ugonjwa wake, mpeleke kwanza zahanati au kituo cha afya, mwulize mganga kama mbio hizo zinamfaa. Mtoto mwenye pumu anaweza kukimbia akiwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Mwenye selimundu asikimbie kwa kushindana bila ushauri wa daktari.

Namba ibandikwe mbele ya fulana, pini nne, si mgongoni wala chini ya sweta.

Na wewe mama, usijisahau. Kama una mimba, umejifungua karibuni, ulizaa kwa upasuaji, au una presha, zungumza na mkunga kabla ya kujiandikisha. Kutembea kilomita 5 ukiwa na namba ni ushujaa kamili.

Asiyepaswa kukimbia siku hiyo

Mtoto mwenye homa asikimbie, hata kama alijiandikisha na fulana ameshapewa. Homa pamoja na joto la mbio hupandisha mwili kupita kiasi, na maambukizi mengine hugusa moyo. Kama ana homa, apimwe malaria. Aliyeharisha au kutapika jana yake, naye apumzike. Aliyewahi kuzimia akikimbia, au anayeumwa kifua akikimbia, asikimbie kabisa mpaka daktari amchunguze.

Kama huwezi kumzuia

Tunaishi kando ya barabara, na najua huwezi kumfunga mtoto kamba. Basi kubaliana naye kabla:

- Akimbie nje ya lami, pembeni, si katikati ya wakimbiaji.
- Aishie mahali mnapopajua, kwa mfano shuleni au kanisani, kisha arudi.
- Asinywe maji ya meza za mbio. Mpe chupa yake kutoka nyumbani.
- Avue sweta, avae viatu, awe amekunywa uji.
- Awe na kipande cha karatasi mfukoni chenye jina lake, simu yako na ugonjwa wake kama upo. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki kisilowe.
- Asiende peke yake. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kukimbilia msaada.
- Asivuke mstari wa kumalizia wala kuchukua medali. Ni ya mtu aliyehesabiwa.

Ukimwona mtu ameanguka

Awe na namba au hana, msaidie. Hakuna mhudumu wa afya anayestahili jina hilo atakayemwacha mtu chini kwa sababu hakulipa kiingilio.

Kama mwili unachoma, anaongea ovyo, anayumba au hajitambui, huenda ni kiharusi cha joto, ambapo joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi. Mpoze kwanza hapo hapo, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mwagie maji mengi mwili mzima, mpepee kwa kanga. Weka vitambaa vya maji baridi kwapani, shingoni na kwenye nyonga. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Endelea kumpoza hata mkiwa ndani ya gari.

Kama hajibu na hapumui kawaida, mlaze chali na bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Kama ana maumivu makali ya mapaja, mgongo au kifua yasiyopungua akipumzika, usiseme "ni misuli tu" kama nilivyosema mimi. Uliza kuhusu selimundu. Mpe maji kama anajitambua, mpeleke hospitali.

Kama anatetemeka na ametoka jasho la baridi lakini anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari: soda, chai ya sukari, au asali.

Kama ana kichwa kinachouma, anatapika, vidole vimevimba, na amekunywa maji mengi sana, usimlazimishe kunywa zaidi. Maji yakizidi mno huipunguza nguvu chumvi ya damu. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Kanuni rahisi ni kunywa unaposikia kiu. Mtu wa namna hii naye ni wa hospitali.

Akirudi nyumbani amechoka

Usianze na fimbo. Mtoto anayejua atachapwa hataficha safari tu, ataficha na maumivu. Yule mvulana wa kwenye mkeka hakunyamaza kwa sababu hakujua jina lake. Alinyamaza kwa hofu.

Mwketishe kivulini, mpe maji kidogo kidogo na chakula chenye chumvi kiasi. Mwulize alikimbia kutoka wapi hadi wapi, kama alianguka, kama alizimia. Kisha mwangalie mpaka kesho yake. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona haya:

- Mkojo mweusi au wa rangi ya soda, au hapati mkojo kabisa.
- Anachanganyikiwa, au usingizi wake si wa kawaida na haamki vizuri.
- Anatapika bila kukoma.
- Anaumwa kifua au anapumua kwa shida.
- Maumivu ya miguu au mgongo yanaongezeka badala ya kupungua.
- Goti au kifundo cha mguu kimevimba na hawezi kukanyaga.

Mweleze mhudumu ukweli kwamba alikimbia, hata kama hakujiandikisha. Hatutamwuliza risiti. Tunachotaka ni kujua kilichompata.

Jambo moja la kufanya wiki hii

Kabla mbio hazijapita tena kijijini kwako, kaa na mtoto wako jioni, umwulize swali moja: "Ukianguka mbali na nyumbani, watu watajuaje wewe ni wa nani?" Mwache afikiri. Mfundishe namba yako ya simu mpaka aiseme bila kukwama. Kama ana ugonjwa, mfundishe kuutaja kwa jina lake bila aibu.

Kisha, akitaka kukimbia, tafuteni mbio fupi, mwandikishe, na umbandikie namba wewe mwenyewe asubuhi ile, pini nne, kama ulivyokuwa ukimfunga kanga mgongoni. Usimame pembeni ya barabara na uliite jina lake akipita.